Maneno ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Kitabu kilifika Kibondo siku ya Jumanne, ndani ya boksi la sabuni, kwa basi la kutoka Kasulu. Kondakta aliliteremsha mbele ya duka la vitenge la Nasma, akaita, "Fundi Theodosia! Mzigo wako huu!" Theodosia alikuwa anashona gauni pale barazani kwa Nasma, mahali cherehani yake ilipokaa mwaka wa tisa sasa. Aliacha mkono wa gauni unaning'inia kwenye sindano, akalikimbilia boksi.

Alikuwa amekisubiri kitabu hicho miaka miwili. Khatibu Hashimu, mtangazaji wa redio aliyestaafu, mtoto wa muuza duka wa Kasulu, alikuja Kibondo kiangazi kimoja akitafuta mtu wa kumtafsiria. Alisema anaandika kitabu cha mambo ya kweli, si riwaya: namna wakulima wa huku juu walivyoishi na Warundi waliovuka mpaka mwaka tisini na tatu, tangu siku za mwanzo kabla watu hawajapelekwa kambini mpaka kambi ya Mtabila ilipofungwa. Wazee aliotaka kuwasikiliza walikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Ya moyoni waliyasema kwa Kiha. Khatibu alikisikia Kiha utotoni dukani kwa baba yake, akakisahau Dar es Salaam. Theodosia alikuwa na Kirundi cha wazazi wake, waliokuja mwaka sabini na mbili na baadaye wakapewa uraia, alikuwa na Kiha cha majirani, na Kiswahili cha shule.

Wiki tano walizunguka kwa pikipiki, Kitahana, Busunzu, hadi vijiji vya karibu na Mtabila. Khatibu aliandika kwa kudonoadonoa katika kijitabu cha mfukoni. Theodosia, kwa kuogopa kukosea, aliandika kila neno kwenye daftari kubwa, Kiha mstari wa juu, Kiswahili mstari wa chini. Yakajaa madaftari manne.

Sasa zilikuja nakala kumi, na barua fupi: azigawe kwa waliohojiwa, moja abaki nayo. Kitabu kiliitwa *Jirani wa Kilima cha Pili*. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na jina lake: "Theodosia Niyonsaba, aliyekuwa sikio langu na ulimi wangu. Kila neno la wazee lililomo humu limepita kinywani mwake."

Alimsomea Nasma mstari huo mara tatu.

"Shoga, umeshakuwa mtu wa vitabuni," Nasma alisema. "Bei ya kushona sasa itapanda."

Siku mbili hakushona kitu cha maana. Kitabu kilimshika, akawa anakisoma kwa kurukaruka, popote kilipofunguka. Khatibu alijua kuandika, hilo hakuna wa kumnyima. Kulikuwa na sura nzima juu ya baiskeli moja iliyotoka Burundi na kupita mikono kumi na mmoja, kila aliyekuwa nayo akiongeza kengele au kubadilisha kiti, mpaka mwenyewe wa kwanza alipokutana nayo gulioni na kuisalimia kama ndugu. Theodosia alicheka mpaka Nasma akatoka dukani kuangalia kuna nini. Kulikuwa na wanawake waliokuja na kikombe cha chumvi na kurudi na maharage. Kulikuwa na siku ambazo Mtabila ilikuwa inahamwa, na mbwa walioachwa nyuma wakawa wanakaa barabarani wakiangalia kila lori linalopita. Hapo alifunga kitabu, akajifuta macho kwa kipande cha bitana, akafungua tena. Mambo haya aliyasikia kwa masikio yake, na bado hakujua kwamba yangeweza kupangwa hivyo yakawa kitu cha kumkalisha mtu.

Akafika ukurasa wa sitini na moja.

Ulikuwa wa Mzee Nduwayezu wa Busunzu. Ndani ya fungua semi na funga semi, mzee alikuwa anasema: "Nilipowaona wanapanda kilima na watoto mgongoni, sikuuliza kabila wala jina. Nilimwambia mke wangu, ongeza maji kwenye chungu, ndugu zetu wamefika."

Theodosia alisoma, akarudia. Maneno yalikuwa mazuri. Mtu angeweza kuyaandika ukutani. Ila mzee hakuyasema.

Aliinuka, akaenda nyumbani mchana ule ule, akatoa daftari la pili chini ya godoro. Mzee Nduwayezu alisema kwamba aliwaona, akaogopa. Alifungia mbuzi ndani, akaweka komeo, akakaa nyuma ya mlango siku tatu akisikia watoto wanalia nje kwenye migomba yake. Siku ya nne mkewe, Akimana, alimsukuma pembeni. "Mtoto wa mtu analia, na wewe unashika komeo," ndivyo alivyomwambia. "Kama wewe ni mwanamume, shika na chungu." Akafungua mwenyewe. Mzee alipomaliza kuyasema hayo, alimwomba Theodosia aandike jina la mkewe vizuri, asikosee hata herufi moja, maana alikuwa amefariki mwaka uliopita, na hakuna mahali popote jina lake lilipoandikwa isipokuwa kwenye kadi ya kliniki na msalaba wa mbao.

Kitabuni hakukuwa na Akimana. Kulikuwa na "mke wangu", mwenye kuambiwa aongeze maji.

Theodosia akarudi ukurasa wa kwanza. Akaanza kukipekua kitabu kizima na madaftari pembeni, na kufikia jioni alikuwa amekuta wengine watatu waliotiwa vinywani maneno wasiyoyasema. Vyakula, barabara, mvua, miaka, idadi ya watu, vyote vilikuwa sawa. Yaliyobadilishwa ni maneno ya watu. Na mbele kabisa, kwenye shukrani, jina lake: kila neno limepita kinywani mwake. Mstari alioupenda juzi sasa aliusoma kama hati ya mashtaka. Watu watasema nani amedanganya? Mtu wa Dar aliyesoma, au fundi cherehani ambaye hadi leo kuna wanaomwita mtu wa kuja?

Ijumaa alipanda pikipiki kwenda Busunzu. Angeweza kuchelewesha, lakini mzee alikwisha sikia kwamba vitabu vimefika, na alituma salamu mara mbili.

Alimkuta amevaa koti la kanisani. Walisalimiana kwa kupiga makofi kama ilivyo desturi, "Mwidiwe, mzee," "Mwidiwe, mwanangu," kisha mzee akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini.

"Haya. Nisomee pangu."

Theodosia alifungua ukurasa wa sitini na moja. Herufi aliziona. Mdomo ukakataa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikianza kusema, kwa Kiha, macho yakiwa kwenye karatasi: niliwaona nikaogopa, nikafungia mbuzi, nikaweka komeo. Alisema yote kama yalivyokuwa kwenye daftari, maana alikuwa ameyasoma mara nyingi mno wiki ile. Alipofika kwenye jina la Akimana, mzee aliinua kidole.

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa, mzee."

"Lote?"

"Lote."

Mzee alilia bila sauti, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Theodosia naye alilia, lakini machozi yake yalikuwa mengine. Alipotaka kurudisha kitabu kwenye mfuko, mzee alikishika.

"Hiki si changu?"

"Ni chako, mzee, ila nilitaka nikakitie jalada..."

"Kiache hivyo hivyo. Jumapili ya wiki ijayo ni misa ya kumwombea Akimana. Divine anakuja. Yeye ni mwalimu, atasimama asome mbele ya watu wote, wasikie mama yake alifanya nini."

Divine alikuwa binti yake wa pekee aliyebaki, mwalimu wa shule ya msingi huko Kasulu. Theodosia aliaga. Njiani dereva wa pikipiki alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Zile siku zilizofuata hazikuwa za mtu kuishi. Alikata suruali ya mteja fupi kwa inchi mbili. Hakuwahi kumwona Divine, lakini kila mwanamke mrefu aliyepita barabarani alimdhania ndiye. Alimpigia Khatibu simu. Mara ya kwanza haikupokelewa, mara ya pili Khatibu alipokea kwa furaha.

"Dada Theodosia! Umekionaje?"

"Kizuri, kaka Khatibu. Kizuri sana. Sijawahi kusoma kitabu kama hiki." Na alimaanisha. "Ila Mzee Nduwayezu hakusema yale maneno."

"Maana yake si ile ile? Aliwapokea. Aliwalisha."

"Aliyefungua mlango ni mkewe."

"Dada yangu, mzee alizungumza saa tatu. Msomaji hawezi kukaa saa tatu. Nilikusanya, nikasafisha. Watu hawazungumzi kama kitabu."

"Sasa mbona umeweka fungua semi?"

Khatibu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Alisema watazungumza vizuri akija Kasulu kuzindua kitabu mwisho wa mwezi. Simu ikakatika, au ilikatwa.

Nasma alisikia yote kutoka ndani ya duka. Alikuja akakaa kwenye ngazi.

"Nenda Busunzu ukamwambie mzee ukweli."

"Nitamwambia nini? Kwamba nilimdanganya nikiwa nimemshikia kitabu? Khatibu alidanganya kwenye karatasi. Mimi nilimdanganya machoni."

"Basi kichukue, useme kimepotea."

"Nasma!"

"Nasema tu ujisikie mwenyewe unachotaka."

Hakwenda. Kila asubuhi alisema leo, na kila asubuhi kulikuwa na sare ya shule ya kumalizia. Alifika hata kufikiria kwenda kuchana ukurasa ule, akaona haya kwa kuwaza tu, kwa sababu nyuma ya ukurasa huo ndipo sura ya baiskeli ilipoanzia.

Jumamosi, siku moja kabla ya misa, pikipiki ilisimama mbele ya baraza. Divine aliteremka. Hakuwa mrefu hata kidogo. Alikuwa na kitabu mkononi, kidole kikiwa katikati.

"Wewe ndiye Theodosia?"

"Ndiye, dada. Karibu, kaa."

"Sikai. Baba amekaa wiki nzima anasimulia kijiji kizima yaliyoandikwa humu. Nimefungua nimsomee jana, yamo mengine kabisa. Nimemwambia macho yanauma, nitasoma kesho. Nimeshindwa kumwambia. Mama yangu hayumo." Sauti ilimkatika. "Humu mbele wanasema kila neno limepita kwako. Ulimtafsiria nini huyu mwandishi? Au baba yangu kwa kuwa hasomi ndiyo mkaona mchezo?"

Wateja wawili waliokuwa wanachagua vitenge waligeuka. Theodosia aliinuka kwenye cherehani. Hicho ndicho alichokiogopa siku zote hizo, na sasa kilikuwa kimesimama mbele yake kimevaa viatu vya vumbi.

"Naomba twende nyumbani kwangu," alisema. "Ni hapo nyuma. Kuna kitu nataka ukione. Baada ya hapo niambie lolote."

Divine alisoma daftari la pili amesimama, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisoma Kiha, akasoma Kiswahili chini yake, akarudi kwenye Kiha. Aliposoma habari ya komeo alitoa pumzi kama mtu aliyechomwa. "Hivyo ndivyo mama alivyokuwa anasema," alinong'ona. "Hivi hivi. Shika na chungu."

"Hayo ndiyo niliyomsomea baba yako. Nilikiangalia kitabu, nikasema ya daftari hili. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilimwona amevaa koti."

Divine alilifunga daftari. Hakusema amemsamehe. Alisema, "Twende. Wewe utamwambia, mimi nitakaa pembeni."

Walimkuta mzee anachambua maharage. Theodosia alipiga magoti chini, akaeleza yote, la Khatibu na lake, bila kujipunguzia. Alipomaliza, mzee aliendelea kuchambua. Punje mbovu kushoto, nzima kulia. Theodosia alikuwa tayari kufukuzwa, hata kwa fimbo.

"Hayo aliyoyaandika, nisomee kama yalivyo," mzee alisema hatimaye.

Akasoma. Akaishia kwenye "ndugu zetu wamefika".

"Mh." Mzee aliweka ungo chini. "Mzee huyu ni mtu mwema kuliko mimi. Ningependa kukutana naye." Kisha uso ukakunjamana. "Lakini amemfanya Akimana kuwa mtu wa kutumwa maji. Akimana! Mimi nilikuwa siwezi kumtuma hata kijiti cha kiberiti." Akamgeukia Theodosia. "Umenifanya nimwambie kila mtu uongo."

"Ndiyo, mzee."

"Hilo limeniuma kuliko la yule bwana. Yule simjui."

Theodosia aliinamisha kichwa.

"Na mengine yaliyomo? Yote ni ya kutunga?"

"Hapana, mzee. Mengi ni kweli. Barabara, njaa, chumvi, yote nimelinganisha. Kuna habari ya baiskeli..."

"Ile ya Harerimana? Yenye kengele mbili?"

"Hiyo hiyo."

Mzee aliuvuta ungo wa maharage karibu, akaanza upya. "Basi soma hiyo. Usiruke. Na ukikuta mtu anasema neno, uniambie kwanza kama limo kwenye daftari lako."

Akasoma mpaka jua likaanza kuinama. Kila alipofika kwenye fungua semi alisimama. "Hili limo," au "Hili silijui, mzee," naye mzee akitikisa kichwa au akiguna. Kwenye kukutana kwa mtu na baiskeli yake gulioni, mzee alicheka mpaka punje zikamwagika, na Divine, aliyesema atakaa pembeni, akacheka naye. Theodosia alicheka pia, lakini kwa uangalifu, kama anayekanyaga ubao asioujua.

Kesho yake Divine alisoma Kiha cha daftari mbele ya watu. Jina la Akimana lilitamkwa mara sita. Baada ya misa mzee alisimama mwenyewe, akasema kwamba yeye ndiye aliyeshika komeo, na kwamba wiki nzima alikuwa amesimulia kuwa yamo kitabuni wakati hayamo, na hakumtaja aliyemdanganya. Theodosia alikuwa ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na hakuweza kula ubwabwa uliopikwa.

Mwisho wa mwezi alikwenda Kasulu. Alimngoja Khatibu nje ya ukumbi kabla watu hawajajaa, daftari limefungwa kwenye kanga.

"Ama useme wewe, ama niseme mimi," alimwambia. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima, na bado lilitoka dogo.

Khatibu alilisoma daftari dakika kumi, kwa miwani, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alipoinua uso alionekana mzee ghafla. "Haya yako ni bora kuliko yangu," alisema taratibu. "Ya komeo. Sikuyaandika. Sikumbuki hata kama niliyasikia."

Ndani alizungumza vizuri kama kawaida yake, na karibu na mwisho, kwa haraka, akasema kuwa maneno kadhaa ya wazee ameyapanga yeye mwenyewe, kosa ni lake, si la dada Theodosia, na toleo likirudiwa yatarekebishwa. Wengine walinong'onezana. Wengi hawakusikia, au hawakujali. Walikuwa wanangoja kununua. Theodosia aliona mwanamke mmoja amefungua sura ya mbwa wa Mtabila, amesimama katikati ya njia anasoma, watu wanampita. Alitamani kumgusa bega amwambie kitu, lakini hakujua ni kipi: kwamba asiamini, au kwamba asiache kusoma.

Walikuwa wamebaki wale watatu wengine waliotiwa maneno vinywani. Jumatano alikwenda Kitahana kwa Bibi Niyubahwe, aliyekimbia vita Burundi akaolewa huku, ambaye ukurasa wa mia na nne ulimfanya aseme: "Vita vilininyang'anya kila kitu, lakini havikuninyang'anya jembe langu." Daftari lilisema siku ile bibi aliulizwa maswali matano na akajibu "ego" manne, maana yake ndiyo, na la tano hakulijibu.

Theodosia aliketi mkekani, roho juu juu, akaeleza kosa zima, akasoma la kitabu, akasoma la daftari. Bibi alisikiliza huku amefumba macho.

"Siku ile jino lilikuwa linaniuma," alisema.

"Nakumbuka, bibi. Ulikuwa umefunga kitambaa."

"Lisingeuma, ningesema hilo la jembe."

"Lakini hukulisema."

"Sikulisema." Bibi alifumbua macho. "Lisome tena."

Theodosia akalisoma tena. Bibi akalirudia kwa Kiha, polepole, akilibadilisha kidogo mwishoni, akalirudia tena mpaka likamkaa.

"Sasa nimelisema," akasema. "Andika."

Theodosia alitoa kalamu. Alifungua daftari la tatu kwenye mistari ile minne ya "ego", akaangalia nafasi iliyobaki chini yake, na mkono wake ukabaki hewani.

"Niandike tarehe ya leo, bibi?"

"Ya leo," alisema Bibi Niyubahwe. "Kwani ulitaka kuandika ya lini?"